Yule Mtazamaji wa Changamwe

Jumatatu, 3 Novemba

Friji ya bucha tena. Kompresa imechoka kama mimi. Nimeijaza gesi, nimempa mwenye bucha maneno ya matumaini, nimetoka. Goti la kulia lauma. Mvua ya vuli yataka kuja na haiji.

Saa tisa Karisa akapiga simu. "Fundi, kasha limefika." Nikaacha vyombo vyangu kwa Bi Shee, pale anapokaanga viazi karai, nikaenda mbio kama kijana aliyeitwa na mchumba. Mbio za mguu mmoja na nusu.

Niandike vizuri, maana siku moja nitasahau hata kilichonifurahisha. Karisa ana duka la kuazimisha filamu hapa Likoni, pengine la mwisho pwani nzima. Vijana wanatazama kwenye simu. Sisi wakongwe tunaazima diski, tunazirudisha, na tukirudisha tunaandika maoni kwenye daftari lililofungwa kamba mlangoni mwa duka. Kila Ijumaa baada ya Alasiri Karisa huyasoma kwa sauti. Na filamu kubwa ikija, ukurasa wa kwanza ni wangu. Miaka kumi na moja sasa. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Imekaa tu, nami nikakaa juu yake.

Safari hii ni Bawabu Kabla. Ndivyo tunavyoiita sisi. Jina lake la Kizungu ni refu na halina utamu. Ile ya kwanza, Bawabu, naijua kama njia ya msikitini: lango la chuma mwisho wa nyota, mlinzi wake nusu mtu nusu mashine, na jahazi la angani lenye watu mia tatu wanaomlilia awafungulie. Hii mpya yaeleza alivyokuwa kabla hajawa chuma. Ilipokuwa kwenye sinema kule kisiwani sikwenda. Nilisingizia goti. Kweli ni kwamba nilitaka kuitazama kwangu, kwa kikoi na fulana, rimoti mkononi.

Kasha zuri. Diski mbili. Ya pili ina vipande vilivyokatwa, ambavyo kwenye sinema havikuonyeshwa. Nakala nyingine alizoleta Karisa zina diski moja moja. La namna hii ni hili tu, na kanipa mimi. Leo nalala nalo, ubavuni.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeitazama. Na diski ya pili pia, yote.

Mwanakombo alikuwapo chumbani, kwa kuwa taa ya jikoni imeungua na fundi wa umeme wa nyumba hii ni mimi. Akaja na sinia lake kuchambua mchele kwa mwanga wa runinga. Mke wangu si mtu wa filamu. Tangu binti yetu Riziki aolewe Kisauni tumebaki wawili, na jioni kila mtu ana upande wake: mimi na nyota zangu, yeye na jiko lake. Leo aliuliza maswali mawili. La kwanza, "Huyu ndiye atakayekuwa mbaya?" Nikamwambia ndiye. La pili sikulisikia, kulikuwa na mlipuko.

Wali wa leo ulikuwa na jiwe. Kipande cha jino kimekwenda.

Filamu yenyewe, basi tu. Picha safi, rangi nzuri, lakini mashaka yako wapi? Huyu kijana tunamjua atakavyoishia. Ni chai iliyopashwa moto. Nitaandika hivyo, ila kwa urefu.

Jumatano, 5 Novemba

Kurasa mbili! Kalamu ilikuwa ikienda yenyewe. Nimegusia mahali kamera ilipokaa, milio, kivuli cha lango, historia ya roboti katika sinema. Nadhani nimejipita. Nilikwenda mapema nikaandika daftarini nikiwa nimesimama, goti likipiga kelele.

Kasha nililisahau nyumbani. Mwanakombo akasema atalipitisha jioni akirudi kazini. Yeye hushona mashuka ya hoteli upande wa kisiwani, kwa hiyo huvuka feri asubuhi na jioni, na duka la Karisa liko njiani. Mke mwema.

Alhamisi, 6 Novemba

Karisa amepiga simu akicheka. "Fundi, kumbe nyumbani umeficha mwandishi!"

Nimekwenda. Chini ya kurasa zangu mbili, kuna nusu ukurasa kwa mwandiko wa Mwanakombo, ule wa orodha za sokoni. Nanakili hapa ili niweze kukasirika nikiwa nimekaa:

"Mimi si mtazamaji. Nilikuwa nachambua mchele. Kila asubuhi kivukoni geti likifungwa mbele ya pua yangu, humtukana moyoni yule anayelifunga. Miaka ishirini namtukana. Sikuwahi kujiuliza yeye ameona nini hata akajua kufunga. Huyu kijana wa filamu alikuwa akimfungulia kila mtu. Akafungua siku moja isiyofaa, maradhi yakaingia, yakamchukulia watoto. Leo asubuhi geti lilipofungwa nilimwambia yule mtu wa geti, Salaam aleikum mwanangu, pole na kazi. Alishtuka akadhani namdhihaki. Wali wa jana ulibaki na mawe. Mume wangu amevunja jino. Kwa hayo mpime kama filamu ni nzuri."

Nimecheka. Mbele ya Karisa nimecheka. Jino langu, daftarini!

Ijumaa, 7 Novemba

Usomaji wa Ijumaa. Watu kwenye mabenchi, Bi Shee na karai lake pembeni. Karisa ana sauti ya kunadia ng'ombe.

Alianza na yangu. Kwenye historia ya roboti mtu akapiga miayo, nikasikia taya likilia. Bi Shee akageuza viazi kwa nguvu. Ukurasa wa pili, Karisa akauliza, "Niendelee, Fundi, au nifupishe?" Mbele za watu!

Halafu ya Mwanakombo. Bi Shee akaacha kugeuza viazi. Kisha kicheko pale penye jino.  Mtu akasema, "Soma tena." Akasoma tena. Wakataka mara ya tatu. Nami nimekaa pale, ulimi kwenye jino, nikitikisa kichwa kama mtu aliyeyatunga.

Zilipoazimwa nakala zote za Karisa, hakuna hata mmoja aliyesema anakwenda kuangalia kivuli cha lango. Wote walisema wanakwenda kumwona yule mtu wa geti.

Nina wivu. Nimeliandika, basi. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, namwonea wivu mke wangu kwa nusu ukurasa.

Jumapili, 9 Novemba

Wanamwita Mama Mchele. Leo mwenye nyumba mmoja aliyeniita kwa friji yake alinitazama juu hadi chini. "Wewe ndiwe mume wa Mama Mchele?" Miaka yote hii nilikuwa Fundi Bakari. Sasa mimi ni jino.

Nimepita kusoma daftari. Limejaa. Zamani watu waliandika mistari miwili. Dereva wa tuktuk: maneno sauti ya chini, milipuko sauti ya juu, kidole kimeniuma kwa rimoti. Mwalimu wa madrasa: maandishi ya chini yanapita mbio, mke wangu anisomee mimi nisikilize. Bibi mmoja ambaye hakutia jina: kijana mzuri vile, mbona wamemtia chuma usoni. Hayo ndiyo maoni tuliyoyazoea, na ni halali. Lakini sasa, baada ya kulalamikia sauti, kila mtu anamtaja mtu wake wa geti. Mmoja anamtaja karani aliyemrudisha na fomu mara tatu. Mwingine mama mkwe wake. Dereva wa tuktuk amerudi kuongeza ukurasa mzima kuhusu baba yake. Nimeusoma nimesimama, goti sikulisikia.

Nikasoma tena kurasa zangu mbili. Kwenye historia ya roboti hata mimi nilipiga miayo.

Jumatatu, 10 Novemba

Pigo hili hapa.

Shule zikifunga Karisa huonyesha filamu kubwa bure kwa mtaa mzima, mchana, kwenye ukumbi wa kina mama. Kabla ya kuanza mtu mmoja husimama akaifungua: aeleze filamu ni ya nini, watu watulie. Mfunguzi ni mimi. Nina koti maalumu la kufungulia filamu. Halifungiki tena tumboni, lakini ukisimama upande halionyeshi.

Karisa leo alikuwa akikwepa macho yangu, akipangusa makasha yaliyo safi. "Fundi, wewe ni ndugu yangu."

Nikajua.

"Watu wanasema, kwa hii ya tarehe ishirini na mbili, afungue Mama Riziki. Mara hii moja. Wewe waonaje?"

Nikasema hakuna neno. Nikasema ni heshima kwa nyumba yangu. Nikasema mengi, mwishowe Karisa akaniletea maji.

Mwanakombo alipoambiwa alisema, "Mimi? Nitasema nini mimi?" Lakini alikuwa akitabasamu. Mle usoni nikaona msichana ambaye sijamwona siku nyingi. Ningefurahi. Sikufurahi. Nilitazama koti langu kwenye msumari, likanitazama.

Jumanne, 11 Novemba

Nimefanya jambo la kijinga, na niliandike kabla sijalipamba.

Mchana Karisa alikuwa amekwenda kula. Daftari linaning'inia mlangoni, hakuna mtu. Nikaandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Mkono huo nauweza kiasi; mwaka nilioanguka kwenye ngazi nikavunjika wa kulia, ulinifaa. Nikajiita Mtazamaji wa Changamwe. Mahali pa mbali, watu wengi, nani atauliza.

"Nimepita Likoni nikasoma maoni yenu, nikasikitika. Huyo Mama Mchele hajaiona hata filamu ya kwanza. Atamjuaje Bawabu? Anamhurumia mtu kwa kuwa hajui alichokuja kufanya. Bawabu hana mapenzi na mtu. Hata kile kikombe cha marehemu mwanawe, alichokuwa akikiosha kila asubuhi, alikiosha kwa mazoea. Watu wa sinema tunalijua hilo. Mchague mtu mwenye ujuzi awafungulie filamu."

Nimesaini kwa mkwaju mrefu, mstari mmoja wa kuvuta, kama waziri.

Jumatano, 12 Novemba

Nilijisikia vizuri kwa muda wa saa moja.

Jioni Mwanakombo alirudi na bhajia za upande wa kisiwani, zile nizipendazo, amezikumbatia ndani ya buibui zisipoe. Akaniuliza mtu akisimama mbele za watu aweke wapi mikono. Nikamwonyesha. Nikamwonyesha vibaya.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku mbaya.

Mwanakombo leo aliwahi kutoka kazini, akaja mwenyewe kwenye usomaji. Akakaa karibu na Bi Shee. Karisa akafika kwenye ile ya Changamwe, akasita, akanitupia jicho, akaisoma.

Watu waliwaka! "Nani huyo? Atoke kwao aje kututukania mama yetu?" Bi Shee akainua kijiko cha kukaangia. "Huko Changamwe malori yamewaziba masikio. Aje hapa nimwonyeshe ujuzi!" Wote wakaungana. Na aliyepiga kelele kuliko wote, niliyesimama kabisa nikasema huyo ni mtu hana adabu, hana malezi, ni mimi. Wallahi nilisimama.

Halafu mwalimu wa madrasa, mtu wa kuchunguza, akauliza: "Kikombe gani lakini? Mimi nimeitazama mara mbili. Sikuona kikombe."

Dereva wa tuktuk naye hakuona. Hakuna aliyeona.

Ndipo nikakumbuka. Kikombe kimo katika vipande vilivyokatwa. Kwenye diski ya pili.

Karisa akakohoa. "Tena nilisahau, Fundi. Lile kasha lilirudi upande mmoja mtupu. Diski ya pili sinayo."

Mwanakombo alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Akasema polepole, "Itakuwa imebaki kwenye mashine, nyumbani kwetu."

Basi. Likoni nzima ni watu wawili tu waliokiona kile kikombe. Mmoja alikuwa na sinia la mchele. Wengine hawakuunga mambo pamoja, walishahamia kwenye viazi. Yeye ameunga. Nimemwona akiunga.

Tumerudi nyumbani njia moja. Yeye mbele, mimi nyuma na goti langu. Hakugeuka.

Jumamosi, 15 Novemba

La jana halitaji. Ananiamkia, ananipakulia, ananiuliza kama chai imekolea. Amechambua mchele jikoni, gizani, kwa tochi ya simu. Wali hauna jiwe hata moja. Nilikuwa nikitafuna polepole nikiliomba jiwe.

Jumapili, 16 Novemba

Asubuhi aliitoa ile diski kwenye mashine, akaifuta kwa leso, akaipeleka mwenyewe. Alikawia. Aliporudi nikajua ameandika.

Nikajizuia mpaka Adhuhuri, kisha nikaenda. Karisa alikuwa ndani. Hakunisalimia kwa mzaha wake wa kawaida, alisema tu "Karibu, Fundi," akainama kwenye makasha.

"Kwa ndugu yetu wa Changamwe. Salaam aleikum. Ni kweli sijaiona filamu ya kwanza. Kuna mtu anaijua yote kwa moyo. Ana miaka ishirini na tatu ya kunionyesha, hajawahi kuniambia njoo ukae. Nilikaa mara moja tu, kwa sababu taa ya jikoni iliungua. Kuhusu kikombe sibishani nawe. Mimi pia nina kikombe cha mtu ninachokiosha kila siku. Kama ni mazoea au ni mapenzi, mwenye kikombe hajawahi kuuliza. Wewe umeuliza, ahsante. Ila umeuliza kwa mkono usio wako."

Nimesoma mara tatu. Kisha nikakaa kwenye benchi la nje, jua kali. Bi Shee akaniuliza kama ni goti. Nikasema ni goti.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimekwenda kumwambia Karisa ukweli. Nilijiandaa njia nzima. Nikafika, nikasema, "Karisa, yule wa Changamwe..."

Akainua mkono. Akaingia nyuma, akatoka na daftari la zamani lenye vumbi, akalifungua. Kurasa na kurasa za mkono wangu wa kushoto. Mwaka ule niliovunjika sikuacha kuandika maoni hata wiki moja! Mkwaju ule ule mrefu.

"Nilikujua tangu siku ya kwanza," akasema. "Nikasema nimwache, ataona haya mwenyewe. Mbona ulichukua muda, mzee?"

"Na ukayasoma mbele za watu?"

"Ulitaka nimkatae mgeni aliyetoka Changamwe?"

Nikacheka mpaka machozi. Nadhani ni ya kucheka. Nikamwomba kalamu, nikashindwa. Nimerudi nyumbani na kalamu ya Karisa mfukoni.

Jumanne, 18 Novemba

Nimeandika. Mkono wa kulia. Jina langu lote.

"Mtazamaji wa Changamwe ni mimi, Bakari, fundi wa friji. Changamwe nimepita tu nikienda kwingine. Mama Riziki aliandika nusu ukurasa ikashinda kurasa zangu mbili, nikaona wivu. Filamu sikuitazama. Niliitazama kamera. Yeye alimtazama mtu. Naomba radhi kwake, na kwa watu wa Changamwe, ambao hawana kosa."

Ni maoni yangu mafupi kuliko yote. Ijumaa yatasomwa. 

Alhamisi, 20 Novemba

Nimemuuliza Mwanakombo. Alikuwa akiosha kikombe changu.

Jibu lake si la daftari lolote, hata hili.

Ijumaa, 21 Novemba

Yamesomwa. Kwanza nikaona mabenchi yote yamenigeukia. Kisha Bi Shee akaanza, yule mama ana kicheko cha kupasua nazi, na mtaa mzima ukafuata. Mwalimu wa madrasa alilia kwa kucheka. Dereva wa tuktuk akaniuliza kama nataka kurudishwa kwetu Changamwe, atanipunguzia. Bi Shee akaniletea kiazi kwenye karatasi. "Cha mgeni. Umetoka mbali."

"Shikamoo Bi Shee."

"Marahaba, mwana wa Changamwe. Na uongeze ukwaju."

Jina hilo sasa nitazikwa nalo.

Mwanakombo alicheka nyuma ya leso, mabega yakitikisika. Hakuniangalia. Lakini tuliporudi nyumbani alikuwa akitembea kwa kasi ya goti langu.

Jumamosi, 22 Novemba

Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Joto. Madirisha tuliyaziba kwa turubai na magunia ili giza liingie. Mimi nilikuwa wa nyaya na umeme. Koti nililiacha nyumbani.

Karisa alipotaka kuanza, msumari wa dirisha la mwisho ukang'oka, gunia likaanguka, jua likapiga pazia lote jeupe la kuonyeshea. Hakuna nyundo. Nikalishika kwa mkono. Nikasema nitalishika mpaka apatikane msumari. Haukupatikana.

Akasimama Mwanakombo. Mikono ameiweka vile nilivyomwonyesha vibaya. Akagundua, akaishusha. Akasema:

"Mimi si mjuzi. Mjuzi yuko pale dirishani, ameshika gunia. Mkitaka kujua kamera ilikaa wapi, muulizeni yeye, na mjiandae. Mimi nawaomba kitu kimoja tu. Huyu mtu mtakayemwona, mtazameni mpaka mwisho. Halafu mumtukane."

Makofi yale sijawahi kuyapata mimi, kwa koti wala bila koti. Nilikuwa na wivu mpaka kwenye meno, hasa lile lililovunjika. Naandika ukweli. Radhi niliomba, na wivu bado ulikuwapo, umekaa palepale. Ila ulikuwa umekaa karibu na kitu kingine, nadhani majivuno.

Pale dirishani nilikuwa ubavuni mwa pazia. Filamu sikuiona. Saa mbili nzima mkono juu, jasho likinitiririka kwapani, nimewatazama watazamaji. Mwanga wa buluu ukipita nyusoni. Bi Shee mdomo wazi. Mwalimu wa madrasa akiachilia tasbihi. Lango lilipofungwa, ukumbi mzima ulishusha pumzi, na nilimwona mke wangu akifumba macho, yeye aliyekwisha kuiona. Miaka kumi na moja nimefungua filamu na sikuwahi kugeuka nyuma kuwaangalia hawa.

Mkono hauinuki leo. Ni wa kulia. Naandika kwa ule wa Changamwe.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua imekuja kweli. Hakuna friji inayoharibika siku ya mvua.

Asubuhi nimetia taa mpya jikoni. Inawaka vizuri, hata nyufa zinaonekana. Kwa hiyo Mwanakombo hana sababu tena ya kuleta sinia lake huku.

Baada ya Alasiri nikatoa Bawabu, ile ya kwanza, diski yangu mwenyewe iliyokwaruzika. Nikaenda mpaka mlango wa jikoni. Nikasema, "Njoo ukae."

"Nina mchele."

"Ulete. Nitachambua mimi."

Akakaa kitini pangu. Mimi chini kwenye mkeka, sinia mapajani. Mvua juu ya mabati, tukapandisha sauti. Nilikuwa na mengi ya kueleza. Kila dakika nina la kueleza. Nikauma ulimi kwa upande wa jino zima.

Jahazi likafika mbele ya lango. Watu mia tatu wakaanza kulia wafunguliwe. Nimeiona sehemu hii mara zisizo idadi, na sijui lini iliacha kunigusa. Mwanakombo amevuta leso mpaka mdomoni, miguu ameikunja juu ya kiti. Nikamwonea wivu tena, wallahi, wivu mpya kabisa. Yeye hajui kitakachotokea.

Akanishika bega bila kuondoa macho. "Baba Riziki. Atafungua?"

Nikamwambia tutazame.

Mchele ulibaki na mawe.